Barua kwa mwanangu: Kewell niliyemwona

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Tanga wazima, mama yako anakusalimu sana na anauliza kama baridi ya huko Melbourne imepungua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema kazini kwenu kuna mzee Mwaustralia anayeapa kwamba nchi yao haijawahi kuzaa mchezaji kama Harry Kewell, na kijana mmoja shabiki wa Liverpool akamcheka, akadai Kewell alikuwa akila mshahara wa bure kwenye vitanda vya madaktari. Ukaniuliza, "Baba, wewe ulimwona akicheza. Nani mkweli?"

Mzee ndiye mkweli. Huyo kijana namwelewa, maana timu yetu ni moja, lakini amekosea.

Huo uwanja mkubwa wa kriketi wa hapo mjini kwenu, MCG, ndipo Kewell alipofunga bao la kwanza dhidi ya Iran tarehe 29 Novemba 1997. Wiki moja nyuma alikuwa ameshawafunga Tehran, kwao, mechi ikaisha 1-1. Hapo Melbourne Australia wakafika 2-0, kisha Iran wakarudisha yote mawili na kwenda Kombe la Dunia kwa faida ya mabao ya ugenini, maana jumla ilikuwa 3-3 ila wao walifunga mengi zaidi ugenini. Nchi nzima ililia. Kijana aliyeibeba ile safari mabegani alikuwa na miaka 19.

Leeds, klabu ya Uingereza, ndiko tulikomjua vizuri sisi wa huku. Alikuwa kiungo wa pembeni, upande wa kushoto, ingawa ukimpanga nyuma ya mshambuliaji alicheza vilevile. Mpira akiupokea, bega linashuka kidogo kama anataka kutoka nje. Beki akihamisha uzito tu, keshakatwa, Kewell yuko ndani na mguu wa kushoto umeshainuka. Mwaka 2000 wachezaji wenzake wa Uingereza walimpa tuzo ya mchezaji bora kijana, na msimu uliofuata Leeds wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2003 akaja Liverpool. Msimu wa kwanza alicheza vizuri, alifunga, hakuna aliyelalamika.

Kisha mwili ukaanza kumkataa: kifundo cha mguu, halafu kinena. Kinena, mwanangu, ni jeraha baya kwa mtu wa aina yake, kwa sababu misuli ile ndiyo inayovuta paja kuja katikati. Ukikata kona ghafla, ukinyoosha mguu kupiga krosi, ukisimama ukiwa kwenye mbio, ndiyo inayobeba mzigo. Kazi yake yote ilikuwa ni hivyo vitu vitatu. Na ni jeraha ambalo halionekani. Mfupa ukivunjika kila mtu anauona mguu umefungwa plasta; msuli ukichanika, wa jukwaani anaona mtu mzima anatembea kwa miguu yake kwenda benchi.

Ndivyo ilivyokuwa Istanbul, Mei 2005. Kocha wetu Benitez alimwanzisha kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Milan. Tulikuwa tumejazana kibanda umiza, saa nne kasorobo usiku, joto la kukatisha pumzi. Maldini wa Milan akafunga dakika ya kwanza. Dakika ya 23 Kewell akaonyesha ishara kwamba hawezi tena, akaingia Smicer. Kamera ilimfuata akitoka, na baadhi ya mashabiki wetu wenyewe uwanjani walikuwa wanamzomea. Kibandani nako mtu akapiga kelele, "Muoga huyo!" Msuli ulikuwa umechanika kweli. Tulichukua kombe usiku ule, na furaha ile sitaisahau, lakini kuzomewa kwake kuliniuma na bado kunaniuma. Mwaka mmoja baadaye, fainali ya Kombe la FA na West Ham, akatoka tena mapema kipindi cha pili. Huyo kijana wa kazini kwenu nadhani picha alizobaki nazo kichwani ni hizo mbili tu.

Hakumwona wiki chache baadaye kwenye Kombe la Dunia, kule Stuttgart. Australia walihitaji sare kwa Croatia ili wavuke kundi kwa mara ya kwanza katika historia yao. Wako nyuma 2-1, dakika ya 79, Kewell akasawazisha. Kisha mguu ukaingia maambukizi kwenye kiungo, mechi na Italia akaikosa, akaitazama akiwa na magongo, na msimu uliofuata karibu wote ukapita hajacheza. Alirudi mwisho kabisa, akaingia kama akiba kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Athens 2007.

Mechi ninayotaka umwonyeshe huyo kijana ni ya Sydney, Novemba 2005, na Uruguay, ya kuwania kwenda Kombe la Dunia. Australia walikuwa hawajacheza Kombe la Dunia tangu 1974. Kocha wao Hiddink alimwacha Kewell benchi. Nusu saa imepita kidogo tu, Popovic ana kadi ya njano, mzee Hiddink akamtoa beki huyo na kumwingiza Kewell. Beki anatoka, mshambuliaji anaingia, na timu imeshafungwa moja kwenye mechi ya kwanza ugenini! Dakika chache tu, mpira ukamkuta ndani ya boksi, akataka kupiga, haukumkaa sawa mguuni, ukamwangukia Bresciano. Bao. Ilipofika penalti, wa kwanza kwenda kupiga alikuwa Kewell, na akafunga. Tazameni jinsi Uruguay walivyorudi nyuma tangu alipoingia. Beki wao wa kulia hakupanda tena kwa raha.

Mimi siwezi kumpima kwa mechi ambazo hakucheza. Waaustralia walimchagua mwaka 2012 kuwa mwanasoka wao bora wa zama zote, na walijua vizuri kuliko sisi ni mara ngapi aliumia. Hapo kwenu pia aliwahi kucheza, Melbourne Victory kisha Melbourne Heart, hadi majeraha yalipomfanya atangaze kustaafu Machi 2014.

Huyo mzee mwambie nampa mkono, na muulize kama alikuwepo MCG siku ile ya Iran. Kama alikuwepo, nataka kuzungumza naye kwa simu. Mpangie Jumapili, mimi nitakuwa nyumbani.

Baba yako