Uliza Muvi: Maswali yenu kuhusu Soylent Green

Toleo lililopita niligusia kidogo tu Soylent Green, muvi ya 1973 ya Richard Fleischer. New York ya mwaka 2022, watu milioni 40, chakula hakuna, wananchi wanaishi kwa vibiskuti vya kampuni moja, na askari mpelelezi Thorn (Charlton Heston) anachunguza mauaji ya bosi mmoja wa kampuni hiyo. Basi meseji zikamiminika. Naonya mapema, mwisho wa muvi unatajwa humu, asiyetaka kuujua aruke ukurasa.

Mambo vipi kaka. Tatizo langu mwisho nimeshaujua, kuna jamaa kazini aliniropokea kwamba vile vibiskuti vya kijani ni nyama ya watu. Sasa niangalie ya nini? – Msomaji, Tanga

Poa. Huyo jamaa kakukosea lakini hajakuibia kitu kikubwa hivyo. Ile sehemu ya mwisho Thorn kajeruhiwa, anapiga kelele kanisani kwamba Soylent Green ni watu, imeshatajwa sana, mwaka 2005 Taasisi ya Filamu ya Marekani wakaliweka hilo neno lake nafasi ya 77 kwenye orodha yao ya maneno 100 ya sinema yanayokumbukwa, kwa hiyo anayeiangalia leo bila kujua ana bahati yake.

Mi kwangu utamu wote uko mezani. Thorn kaenda kupekua apatimenti ya yule bosi, na badala ya kutafuta ushahidi anafungua bomba, maji yanatoka, ananawa uso kwa sabuni, yaani anajiachia kabisa, halafu anachukua foronya anaijaza vitu vya marehemu, chupa ya pombe, saladi, tufaha, kipande cha nyama ya ng'ombe. Mwizi kabisa, na ni askari, na hakuna anayeshangaa. Anampelekea mzee Sol anayeishi naye chumba kimoja, mzee akiiona ile nyama anaanza kulia. Kwa sababu Sol anakumbuka, Thorn hakumbuki chochote, hajawahi kula hivyo vitu maishani. Basi mzee anapika, meza inatandikwa vizuri, wanakaa, na hapo maneno ni machache sana. Thorn anatafuna jani la saladi hajui aweke sura gani, mzee anamkazia macho anasubiri kuona kama litampendeza. Steringi mtu mzima mwenye bastola anafundishwa kula jani! Ukishaliona hilo, habari ya vibiskuti vimetengenezwa na nini haikupi tena mshtuko ule, ushajua hawa watu wamefika wapi.

Na usipitwe na kijiko. Thorn anakwapua kijiko kwenye nyumba ya mlinzi wa yule bosi, kimebaki na uchafu mwekundu, Sol analamba, anajua hapo hapo ni jamu ya stroberi, chupa moja dola 150. Mlinzi kazitoa wapi? Kesi nzima inaanza kufunguka kwa ulimi wa mzee.

Shikamoo anko. Ile sehemu Sol anaenda kufa nililia sana. Eti mwigizaji mwenyewe alikuwa anakufa kweli au ni stori tu za watu? – Binti wa Morogoro

Marahaba mwanangu. Ni kweli. Anaitwa Edward G. Robinson, mzaliwa wa Bucharest kule Romania mwaka 1893, akapelekwa New York akiwa mtoto, na hii ndiyo muvi yake ya mwisho. Alikuwa na kansa ya kibofu, akafariki tarehe 26 Januari 1973, muvi haijafika hata kwenye majumba ya sinema. Machi mwaka huo wakampa Oscar ya heshima, mkewe akaenda kuipokea. Heston alikuwa anamfahamu siku nyingi, walishacheza pamoja The Ten Commandments ya 1956.

Sasa rudia kuiangalia ukiwa umeshayajua hayo. Sol anaingia kwa miguu yake kwenye kile kituo cha serikali cha watu kwenda kufa kwa hiari, wahudumu wapole kweli kweli, wanamuuliza rangi anayoipenda anasema ya machungwa, wanamuuliza muziki anataka ule wa kizungu wa zamani, anapewa kikombe anakunywa, analala, anahakikishiwa dakika 20. Ukuta mzima unageuka skrini, maua, paa, kondoo, maji yanatiririka, jua linazama, Beethoven anapiga humo na Tchaikovsky na Grieg. Picha zenyewe mi na wewe tukizikuta kwenye TV tunabadilisha chaneli. Ila Thorn anafika kachelewa, anachungulia kwenye kioo, na ndiyo mara yake ya kwanza kuona dunia ilikuwaje, miaka yote hiyo alikuwa anadhani mzee anaongeza chumvi. Analia, na mi siamini kama pale Heston alikuwa anaigiza tu.

Mbona wanawake humo wanaitwa fanicha? Nilizima nusu. – Dada wa Nakuru

Una haki ya kuzima. Mwanamke anakuja na apatimenti, mpangaji akibadilika yeye anabaki pale pale na makochi. Muvi inataka uone ni ubaya, sawa, lakini yenyewe inamtumia Shirl, yule dada wa apatimenti ya bosi aliyeuawa, vile vile, Thorn anamkuta, analala naye, anaondoka, na dada wa watu hana kingine cha kufanya humo zaidi ya kusubiri. Hapo sitawatetea.

Malori ya kuzoa watu yanatisha au yanachekesha? Sisi hapa nyumbani tumebishana. – Mombasa

Yote mawili. Jumanne ndiyo siku ya kugawa Soylent Green, inaisha, watu wanachachamaa, polisi wanaleta malori yenye koleo la mbele kama la tingatinga, yanachota watu na kuwamwaga nyuma. Mashine zenyewe ni za kizamani, zinatembea polepole hata bibi angekimbia. Lakini binadamu anachotwa kama mchanga, na ukifika mwisho unagundua walikuwa washakuonyesha mapema.

2022 si imepita? Walipatia nini? – Mdau, Dodoma

New York walikosea mbali, jiji lina watu milioni 8 na ushee. Dunia ndiyo ilifika bilioni 8, Novemba 2022 hiyo hiyo kwa hesabu za Umoja wa Mataifa. Kitabu walichokitumia, cha Harry Harrison cha 1966, chenyewe kinasema 1999, na humo hakuna kula watu kabisa, soylent yao ni soya na dengu basi. Walipopatia ni joto, Sol analalamika joto mwaka mzima na anataja kabisa hewa inayonasa joto, 1973 hiyo! Ndiyo maana kila mtu humo jasho linamtoka.

Ile mashine nyeupe ya gemu kwenye apatimenti ya bosi ni ya kweli? – Kijana wa Kigoma

Ya kweli. Inaitwa Computer Space, ilitoka 1971, gemu ya kwanza ya video ya kutumbukiza sarafu kuuzwa kibiashara. Walitaka kitu cha tajiri wa 2022, wakachukua kilichokuwa kipya wakati huo.