Tokeni za Mwenye Nyumba

Mwanangu Wanjiku,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama mwenye nyumba wako hapo Roysambu anakuibia stima, kwa sababu rafiki yako aliye na bedsita kama yako ng'ambo ya barabara anapata uniti nyingi kuliko wewe kwa shilingi 500 zile zile. Miaka niliyokuwa keateka, yaani msimamizi wa ploti, kule Umoja nilikutana na wanaoiba na wasioiba, na malalamiko ya wapangaji yalikuwa yale yale.

Angalia kwanza pesa unatuma wapi. Paybill ya M-Pesa ya kununulia tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, kutoka kwa kampuni ya Kenya Power ni 888880. Ikiwa unalipia namba nyingine uliyopewa na mwenye nyumba, basi hiyo mita ya mlangoni mwako ni yake. Ploti nzima iko kwenye mita moja kubwa, na hizo ndogo kazifunga mwenyewe. Bei ya uniti unayoiona kaipanga yeye.

Sasa sikiliza vizuri. Stima ya nyumbani inauzwa kwa madaraja. Asiyezidi uniti 30 kwa mwezi analipa bei ya chini kabisa, wa hadi 100 anaongezewa, na anayepita 100 anaongezewa tena. Wewe na taa yako, simu na redio, pengine hufiki 25. Lakini nyumba 20 za uniti 25 ni uniti 500 kwenye mita moja, na Kenya Power inamwona mteja mmoja anayetumia sana. Mnatozwa kama mtu wa jumba la Karen, mtaa wa matajiri, hata kama mwenye nyumba hajaongeza senti. Jambo hili huniuma sana, mwanangu. Bei ile ya chini iliwekwa kwa ajili ya watu wa kipato kama chako, na mita ya pamoja inawanyima.

Kwa hiyo usiende kwake na neno wizi. Mwombe kwa adabu akuonyeshe risiti ya mita kubwa, ugawe pesa alizolipa kwa uniti alizopewa. Tuseme inatoka shilingi 30, naye anakuuzia 32 kwa ajili ya taa za ngazi na pampu ya kupandisha maji kwenye tangi: hiyo ni haki, mradi awaambie wapangaji wote. Akikuuzia 45, hiyo ni biashara mgongoni mwenu, na hapo zungumzeni naye mkiwa wengi, si wewe peke yako.

Maji ni rahisi zaidi. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Funga mifereji yote, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikiendelea kuzunguka, kuna bomba au choo kinachovuja, nawe unalipia. Tarakimu nyeusi zipige picha kila mwisho wa mwezi, siku ile ile keateka anaposoma, ili msibishane baadaye.

Ukihama, kabla ya kutoa dipoziti, uliza mita ni ya nani. Rafiki yako huenda ana mita yake ya Kenya Power, na nyumba ya namna hiyo inafaa hata kodi ikizidi kidogo.

Ukipata hiyo risiti nitumie picha leo leo, tupige hesabu pamoja kabla hujalipa kodi.

Mama yako