Uliza Bi Mfamasia: Mfuko wa dawa wa mzee mwanajeshi

Barua tatu mwezi huu zimegusa watu wamoja: wazee wetu waliotumikia jeshi, ambao sasa maradhi ndiyo yanayowashughulisha. Kabla ya kustaafu niliongoza huduma za dawa katika hospitali iliyokuwa ikiwapokea wazee hao, kwa hiyo barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa.

Bi Mfamasia, shikamoo. Mimi ni mfamasia kijana, nimekabidhiwa kuongoza huduma za dawa katika hospitali huku Pemba inayotibu wanajeshi wastaafu pamoja na raia. Nina mafundi sanifu wanne, stoo moja, dirisha moja na friji moja. Mkuu wa hospitali anataka ripoti, wauguzi wanalalamika dawa zinachelewa kufika wodini, wazee wanagomba dirishani kwamba kila siku dawa hamna, na wengine wanasema wao ni maafande, hawapangi foleni. Nianzie wapi?
*Mfamasia mpya, Chake Chake*

Marahaba mwanangu, na hongera. Anzia kwenye mfuko.

Kila mzee anayekuja kliniki mwambie safari ijayo aje na kila anachokimeza au kukinywa kwa ajili ya maradhi: vidonge vya hospitali, vya dukani, alivyoletewa na mwanawe kutoka Dar, habasoda, mizizi, hata chupa ya kombe kama anayo. Usimcheke wala usimgombeze kwa lolote atakalolitoa, maana ukimgombeza mara moja, mara ya pili atalificha. Mkae pembeni, si dirishani, mmwage mfuko juu ya meza na mshike kimoja kimoja: hiki unakunywa lini, hiki nani alikupa, hiki kinakusaidia nini. Ripoti ya mkuu itangoja. Huwezi kupanga stoo wala kuagiza kitu kabla hujajua wazee wako wanameza nini.

Nikupe mfano wa mzee aliyepigana Vita vya Kagera, aliyenifungulia mkoba wake wa ukili. Mlikuwa na amlodipini ya presha za kampuni mbili, moja ya hospitali na moja ya kununua, paketi tofauti na majina tofauti lakini dawa ile ile, naye akimeza zote mbili kila asubuhi. Miguu ikamvimba, kwa sababu amlodipini ikizidi ndiyo kazi yake. Kwa ajili ya miguu akapewa dawa ya kukojoa maji. Akawa anaimeza jioni, usiku kucha yuko njiani kwenda chooni, usingizi hakuna. Akatafuta kidonge cha usingizi. Na chini kabisa ya mkoba, ndani ya kigazeti, diklofenaki za magoti, alizokuwa akizinunua mwenyewe kila wiki. Hakuna daktari hata mmoja aliyekuwa ameuona mkoba ule mzima. Kila mmoja alitibu kile alicholetewa. Nilikaa na daktari wake, na mzee yule akatoka na dawa chache kuliko alizokuja nazo, na miguu ikanywea.

Katika mifuko hiyo tafuta mambo matatu kabla ya mengine. La kwanza ni hizo diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu. Zikikutana na dawa ya presha ya jamii ya losatani au enalaprili, na juu yake dawa ya kukojoa maji, figo za mzee huweza kufeli, na huenda asihisi chochote mpaka hali iwe mbaya. La pili ni glibenklamidi ya sukari. Ni ya bei nafuu na imezoeleka, lakini hukaa mwilini muda mrefu. Mzee aliyekula kidogo usiku anaweza kukutwa alfajiri hana fahamu, watu wakadhani ni kiharusi kumbe sukari imeshuka. La tatu utalikuta huku kwetu hasa: madafu. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na losatani nayo huizuia potasiamu isitoke mwilini. Mwenye figo nzima anywe dafu lake kwa raha. Mwenye figo dhaifu aliyeambiwa na jirani kwamba madafu husafisha figo, akawa anakunywa matatu kwa siku, huyo moyo wake uko hatarini. Waulize wazi wazi, wao wenyewe hawatalitaja kwa sababu hawalihesabu kuwa dawa.

Daktari wa Marekani, Mark Beers, mwaka 1991 alitoa pamoja na wenzake orodha ya dawa zisizowafaa wazee, na orodha hiyo bado inahuishwa mpaka leo. Itafute, uichuje ibaki na zile mlizonazo nyinyi tu, uiandike kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na uibandike pale fundi sanifu anapohesabia vidonge.

Sasa stoo. Wazee wanaosema kila siku dawa hamna hawakusingizii, na mara nyingi kosa liko kwenye hesabu ya kuagiza. Watu huagiza kwa kutazama walichokitoa mwezi uliopita. Tuseme ulitoa vidonge 600 vya metfomini ya sukari, ukaagiza 600. Lakini tazama kadi ya kwenye rafu: kati ya siku 30, siku 10 rafu ilikuwa tupu. Basi 600 zilitoka kwa siku 20, mahitaji yako ya kweli ni 900, na ukiagiza 600 umeshajihakikishia siku 10 nyingine za ugomvi. Siku ambazo rafu ni tupu ziandikwe kwenye kadi kwa wino mwekundu. Hiyo ndiyo ripoti utakayompelekea mkuu wa hospitali, na ataielewa kuliko majedwali.

Halafu kumbuka uko kisiwani. Mzigo wako unapita baharini, na wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo huchelewa. Akiba ya miezi hiyo iwe kubwa kuliko ya miezi ya utulivu. Na si kwa kila dawa, fedha haitoshi. Gawa stoo yako mafungu matatu: dawa ambazo zikikosekana mtu anakufa, dawa za maradhi ya kudumu ambazo zikikatika mtu anaharibikiwa, na zile za kutuliza tu. Fungu la kwanza lisikauke hata siku moja, hata ikibidi vitamini zisiagizwe mwaka mzima. Kwenye rafu, yenye kuisha muda karibu ikae mbele, na funguo za kabati la mofini ya maumivu makali na daiazepamu ya usingizi zikae kwa mtu mmoja anayejulikana kwa kila zamu, na daftari lihesabiwe wakati wa kukabidhiana, watu wawili wakitazama. Hapo usiwe mpole kwa mtu yeyote.

Kuhusu wodini, kuchelewa hakunitii hofu sana. Panga saa maalumu za kupeleka na wauguzi watatulia. Kinachonitia hofu ni dawa kufika kwa wakati kwa mtu siye. Wewe ni wa huku, unayajua majina yetu: Khamis Juma Khamis kitanda cha tatu, Juma Khamis Juma kitanda cha tano, na wote wana presha. Fundi akiuliza "Wewe ndiye Khamis Juma?", mzee ambaye masikio yake yaliharibiwa na mizinga atajibu ndiyo, kwa adabu tu. Usimtajie jina. Mwambie alitaje mwenyewe, mpaka la babu, kisha lilinganishwe na namba ya faili. Hospitali za wanajeshi wastaafu za Marekani zilipata dawa ya tatizo hili kutoka kwa muuguzi wao, Sue Kinnick wa Topeka, jimbo la Kansas. Alimwona mfanyakazi wa kampuni ya kukodisha magari akisoma alama ya mistari kwa kifaa cha mkononi, akajiuliza kwa nini mgonjwa na dawa yake wasisomwe vivyo hivyo. Wakaujaribu mpango huo Topeka miaka ya 1990, kisha ukaenea katika hospitali zao nchi nzima: mkanda wa mkononi wa mgonjwa unasomwa, dawa inasomwa, visipolingana mashine inakataa. Hata ukiwa huna mashine, mkanda wa kitambaa wenye jina na namba ya faili unaweza kuutengeneza wiki hii.

Jingine la kujifunza kwao ni kwamba wafamasia wao wana kliniki zao. Mfamasia anakaa na mgonjwa wa presha au sukari, anampima na kurekebisha dozi kwa mamlaka aliyopewa na hospitali yake. Wewe usiende mbio namna hiyo. Muombe daktari wa kliniki ya presha akupe meza na kiti chumbani mwake, asubuhi moja kwa wiki. Meza hiyo ndiyo utakayomwagia mifuko. Akishaona mara kadhaa unachokitoa mfukoni, atakuita mwenyewe.

Na maafande. Nawapenda wazee hawa, na sikubali waitwe wakorofi. Mtu ambaye ujana wake wote alipangwa kwa cheo, leo anasimama juani nyuma ya mtoto mwenye simu anayecheka, bila shaka atagomba. Lakini cheo kisitangulize mtu kwenye dawa, kwa sababu koplo mwenye kifua kinachobana hawezi kumngoja meja mwenye magoti. Weka viti kivulini, toa namba, na tangaza mbele ya wote kwamba anayetangulia ni aliyezidiwa na asiyeweza kukaa. Waite kwa heshima zao zote, "Afande fulani, karibu," na aliye mkubwa kuliko wote muombe yeye awasimamie wenzake. Mimi nilifanya hivyo, na sikuhitaji mlinzi dirishani.

Bi Mfamasia, baba mkwe wangu alikwenda Uganda vitani mwaka 1979. Usiku halali, hushtuka na kupiga kelele. Miaka sasa anatumia vidonge vya daiazepamu, anavinunua, na mwezi uliopita alianguka uani. Mume wangu anataka kuvitupa vyote. Je, ni sawa?
*Mkaza mwana, Konde*

Visitupwe mwanangu, hata kwa hasira. Mtu aliyezoea daiazepamu kwa miaka akikatiwa ghafla huweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, chini ya daktari. Lakini mumeo ana haki kuogopa. Mwili wa mzee haumalizi dawa hii upesi. Ya jana inamkuta ya leo, anaamka kulevyalevya, na kuanguka kwa umri wake huweza kumvunja nyonga. Wala si dawa ya kununuliwa bila cheti, na huyo anayemuuzia anajua.

Mpelekeni hospitali na mseme yote mawili, vidonge na kelele za usiku. Watu wengi huficha hili la pili wakidhani ni shetani au ni aibu. Ni maradhi yanayojulikana kwa waliopitia vita, huweza kukaa miaka na kurudi uzeeni mtu anapokuwa hana shughuli tena, na yana tiba, nyingi yake ikiwa ya kuzungumza na mtu aliyesomea. Mkiwa huko ulizeni kama kuna dawa yake ya kukojoa maji inayoweza kuhamia asubuhi. Na ile kahawa ya barazani baada ya sala ya Isha, ainywe alasiri. Usiku akishtuka msimshike wala msimtikise. Washeni taa, simameni mbali kidogo, mwiteni kwa jina lake na mwambieni yuko Konde, nyumbani kwake.

Mume wangu ni mstaafu wa jeshi, anachoma insulini. Sisi hatuna friji. Jirani alituwekea kwenye friza, tukakuta imeganda. Ikiyeyuka inafaa?
*Mama wa Micheweni*

Haifai, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Irudisheni hospitalini mpewe nyingine.

Chupa ambayo haijafunguliwa hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, yaani friji, kamwe si friza. Iliyoanza kutumika, aina nyingi hukaa nje ya friji wiki nne hivi, mradi joto lisipite nyuzi 30. Andikeni kwenye chupa tarehe mliyoifungua. Kwa joto letu tumieni vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga ulioloweshwa, juu kitambaa chenye maji, na mkiweke kivulini panapopita upepo. Chupa iwe ndani ya mfuko mkavu uliofungwa, na mchanga msiuache ukauke. Insulini iliyokuwa angavu kama maji ikigeuka ukungu, au ile ya maziwa ikitoka madonge, msiichome.

Muombeni mfamasia awape chupa moja moja badala ya mbili kwa pamoja. Akikataa kwa sababu ya umbali, muulizeni kama ya pili anaweza kuiweka kwenye friji ya kituo cha afya kilicho karibu nanyi, ikiwa na jina la mzee juu yake. Na mkienda Unguja kwa boti, insulini ikae kwenye mkoba wako wa mkononi, isiende na mizigo inayofungwa juu ya gari.