Usitume ACK Kabla Hujahifadhi

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wameshashuka Mtwara, na wiki haijaisha nimekutana na msimbo uleule wa kila mwaka wa kuingiza matokeo ya mashine za maabara kwenye kompyuta: soma poti, kata STX (alama ya mwanzo), kata ETX (alama ya mwisho), kisha "Kaka, imekubali!" Imekubali mezani kwenu, wadogo zangu, kwa kebo fupi na tokeo moja. Ngojeni asubuhi ya Jumatatu maabara ikijaa.

1. Kusoma poti mara moja si kupata pakiti moja. Poti inakupa baiti zilizokwisha kufika, basi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, 8N1 (yaani biti 10 kwa kila baiti), baiti moja huchukua karibu milisekunde 1, kwa hiyo fremu (kipande kimoja cha ujumbe) ndefu ya ASTM, kanuni ya mashine za maabara kuongea na kompyuta, baiti 247, inahitaji robo sekunde na ushei. Ukichungulia mapema unaokota vipande. Kusanya kwenye bafa (kumbukumbu ya muda) yako, tafuta STX, ngoja ETX au ETB (fremu imeisha, ujumbe unaendelea), herufi mbili za cheksamu (jumla ya kuhakiki baiti), kisha CR na LF za kufunga mstari. Mmoja wenu ameweka usingizi wa sekunde nzima kabla ya kusoma "ili zifike zote". Bwana mdogo, huko ni kuvizia.

2. Cheksamu ya ASTM inaanza baada ya STX, namba ya fremu ikiwemo, inaishia kwenye ETX au ETB yenyewe, kwa moduli ya 256 (baki ya kugawa jumla kwa 256). Hakosekani anayejumlisha na STX, akaona hailingani, akazima uhakiki "kwa muda". Muda huo huwa hauishi. Kwenye Modbus RTU, kanuni nyingine ya vifaa kuongea, baiti ya chini ya CRC (namba yake ya uhakiki) ndiyo hutangulia.

3. ACK, yaani baiti ya kumwambia mtumaji "nimepokea". Hapa nikae kidogo, maana pananihusu.

Nilipokuwa mgeni kama nyinyi niliunganisha mashine ya damu na mfumo wa maabara, hospitali moja ya huku kusini, siitaji. Nilijivunia kwamba programu yangu inajibu upesi. Fremu ikifika na cheksamu ikilingana, ACK papo hapo. Tokeo nalitia kwenye foleni ndani ya kumbukumbu, kisha naandika hifadhidatani kwa mafungu. Nilisoma mahali kwamba mafungu yanapunguza mzigo. Mzigo gani, kwa mashine inayotoa tokeo kila baada ya dakika? Na mtumaji wa ASTM anakupa sekunde 15 za kujibu. Sijui nilikuwa nakimbizwa na nani.

Umeme ukakatika asubuhi, foleni iko hadi nje. Mashine ilikuwa na UPS, kompyuta yangu haina. Uliporudi kila kitu kikawaka, matokeo yakaanza kuingia, nami nikaenda zangu kunywa chai. Mchana mama mkuu wa maabara akanipigia: "Mwanangu, majibu ya wodi ya watoto yako wapi? Daktari anayangoja." Nikamjibu kwa kifua kabisa kwamba mashine haikutuma.

Nikaenda, nikafungua orodha ya mashine. Kila tokeo lina alama ya kutumwa. Na ajabu yake, yaliyotoka wakati kompyuta imezimika yalifika yote, kwa sababu hayakujibiwa, hivyo mashine ikayatuma upya. Yaliyopotea ni yale tu niliyokwisha kukiri kwamba nimeyapokea.

Tukakaa, mama anasoma kwenye kioo cha mashine, mimi naandika. Nikikosea nukta ya hemoglobini ananirudia taratibu, bila kupandisha sauti. Afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo: fremu iandikwe diskini, na kweli iwe diskini, si kwenye bafa ya mfumo, ndipo ACK. Ikishindikana, toa NAK ("sikupokea, rudia"). Mashine itarudia, na ukiikataa mara 6 itafunga kwa EOT (mwisho wa kutuma). Fremu ikirudi na namba ileile, ijibu ACK lakini usiihifadhi mara ya pili.

4. Nyaya. Chumvi ya bahari hapa inakula konekta, kwa hiyo kabla ya kulaumu programu chomoa, tazama pini 2, 3 na 5 (za data na ardhi), safisha. Beba kebo ya moja kwa moja na ya kuvuka (pini 2 na 3 zimebadilishana). RS-232, ndiyo aina ya poti hizi, ni ya mita 15 hivi. Kuna aliyetaka kuivuta kutoka maabara hadi mapokezi, na alishanunua waya! Huko ni RS-485, inayofika mbali zaidi, na vipinga vya ohm 120 vinakaa ncha mbili za mstari, si kila kifaa.

5. Weka logi (kumbukumbu) ya baiti ghafi kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), pamoja na saa.

6. Kabla hujaniita kuja kuona, chomoa kebo katikati ya fremu. Irudishe. Kisha zima kompyuta kwenye swichi ya ukutani wakati matokeo yanaingia, iwashe, na uhesabu yaliyo kwenye mashine na yaliyo kwako. Yakipishana hata moja, mimi bado niko kwenye chai.