Kondoo wala mwani: maswali yenu

Tangu nitaje kondoo wa North Ronaldsay, kisiwa cha kaskazini kabisa katika visiwa vya Orkney, Scotland, maswali hayajakoma. Nayajibu haya manne.

Kweli wanaishi kwa mwani? (Msomaji, Tanga)

Sehemu kubwa ya mwaka, ndiyo. Maji yakipwa, kundi linateremka miambani hata kama ni usiku wa manane. Yakijaa, wanapanda juu, wanajilaza na kucheua. Wewe wa Tanga hutashangaa kwamba bamvua ndiyo sikukuu yao, maana maji hutoka mbali na mwani wa chini hubaki wazi. Ajabu zaidi, hunona majira ya baridi, wakati kondoo wengine hukonda: dhoruba hung'oa mwani mnene wa vilindini na kuumwaga ufukweni.

Nani aliwanyima majani?

Wenye mashamba. Mwaka 1832 kisiwa kilizungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, karibu kilomita 20, ili mazao na ng'ombe wabaki ndani na kondoo nje. Majike huingizwa malishoni wakati wa kuzaa, hunyonyesha huko miezi michache, kisha wanarudishwa pwani. Bahari huubomoa ukuta huo kila mara, na siku hizi watu wa kujitolea hufika kiangazi kusaidia kuujenga.

Nikimpata mmoja, nimchanganye na kondoo wangu?

Unaweza kumuua. Mwani wanaoula una shaba kidogo mno, hivyo miili yao imezoea kuifyonza kwa wingi kila inapopatikana. Mpe pumba za dukani, au hata majani ya kawaida kwa muda mrefu, na shaba itarundikana kwenye ini mpaka imdhuru. Ufugaji wao nje ya kisiwa unahitaji uangalizi mkubwa. Hata hivyo, kuliacha kundi zima mahali pamoja ni kucheza kamari: ugonjwa mmoja tu, au meli moja kumwaga mafuta, na hadithi imekwisha. Ndiyo maana mwaka 1974 baadhi yao walihamishiwa Linga Holm, kisiwa kingine cha Orkney chenye mwani wake.

Wana mkia wa mafuta? Na nyama je?

Mkia ni mfupi na mwembamba, hauna cha kukaangia. Wenyewe ni wadogo: jike ana kilo 25 hivi. Nyama ni nyekundu iliyokoza, na walioila husema ladha yake inakaribia ya mnyama wa porini.