Msiwapange vijana kanisa dhidi ya kanisa

Nimesimamia timu ya mpira ya vijana wa makanisa mbalimbali kwa miaka kadhaa. Naanza na kosa letu la kwanza, maana karibu kila anayeniomba ushauri wa kuwaunganisha vijana wa makanisa kwa mpira anataka kuanzia hapohapo.

Tuliandaa mashindano. Kila kanisa lilileta timu yake, jezi zake na washangiliaji wake, na bango kubwa la umoja likatundikwa nyuma ya goli. Kufika nusu fainali vijana walikuwa wanazomeana kwa majina ya madhehebu. Bao moja la utata likawafanya wazee wawili wa kanisa waache kusalimiana. Niliumia sana siku ile. Paulo aliwauliza Wakorintho, "Je! Kristo amegawanyika?", na jibu letu lilikuwa limeandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Msimu uliofuata tulizivunja timu zote tukawachanganya vijana. Beki Mkatoliki mbele ya kipa Mpentekoste, kiungo Msabato akimlisha pasi winga Mwanglikana. Kipa akipiga kelele "nyuma yako!", beki hageuki kuuliza alibatizwa kwa maji mengi au machache. Anageuka kuokoa goli. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: wapeni jezi moja na mpinzani wa nje. Watu huzoeana haraka wakiwa na kazi inayowashinda wakiwa peke yao.

Halafu heshimuni dhamiri za watu tangu kwenye ratiba. Jumamosi tuliiacha kwa ajili ya Wasabato, Jumapili kwa ajili ya wale wanaoona siku ya Bwana si ya michezo, tukabaki na Jumatano jioni. Wapo walionung'unika kwamba tunabembeleza. Mimi nawakumbusha Eric Liddell, mwanariadha Mkristo wa Uskoti aliyeacha mbio za mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili, kisha akachukua dhahabu ya mita 400. Mwenye msimamo wa namna hiyo ndiye ningependa acheze upande wangu.

Ila msiutwike mpira mzigo usio wake. Oktoba 2005, Ivory Coast ilipofuzu Kombe la Dunia, Didier Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera wakawasihi wananchi waweke silaha chini. Mwaka 2007 timu hiyo ikacheza Bouaké, mji uliokuwa ngome ya waasi, ikaifunga Madagascar 5-0. Nikiikumbuka picha ile ya magoti bado naguswa. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa 2010 damu ilimwagika tena. Uwanja hufungua mlango, lakini lazima watu waingie ndani wakae wazungumze. Walutheri na Wakatoliki walijadiliana kwa miongo kadhaa ndipo wakatia saini, tarehe 31 Oktoba 1999 mjini Augsburg, tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu. Hakuna mechi ingeweza kuwafanyia kazi hiyo. Basi waiteni wachungaji na mapadre mazoezini, wakae benchi moja, na mazungumzo yao yaendelee baada ya filimbi.

Tofauti nazo msizifiche. Hili tulifundishwa na sala. Siku ya kwanza ya timu mpya tulishikana mikono katikati ya uwanja tukasali Baba Yetu. Wakatoliki walifika "utuopoe maovuni" wakasema Amina na kuachia mikono. Wengine wakaendelea, "kwa kuwa ufalme ni wako," sauti zikipungua moja moja kwa aibu hadi zikazimika. Kipa akauliza, bila ubaya, "Mbona mmekatisha?" Beki wake akamweleza kwamba maneno hayo wanayo pia: kwenye Misa husemwa na waumini wote, baada ya padre kuongeza sala fupi. Kipa hakuwahi kulijua hilo, na baadhi ya wazee waliokuwa pembeni vilevile. Mazoezi yalichelewa kwa maswali, na mimi sikuyakatiza.

Siku hizi beki akimaliza sehemu yake haachii mkono. Anasubiri wenzake wafike "milele", kisha Amina inatoka kwa wote, ndipo tunagawana vizibao vya mazoezi.