Rangi ya tofali imegeuka pinki: tuchanganyeje rangi za udongo sebuleni?

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Nyumba yetu ipo Nkuhungu, Dodoma. Sebule ni mita 5 kwa 4, kuta zina kimo cha mita 2.9. Dirisha moja linatazama magharibi, jingine kaskazini. Sakafu ni marumaru ya kijivu inayong'aa, milango ni ya mninga, makochi ya kahawia. Nilitaka ukuta wa TV (wa kusini, mita 4, hauna mlango wala dirisha) uwe rangi ya tofali la kuchoma, na kuta nyingine tatu krimu. Fundi alinunua ndoo ya rangi nyeupe akatia redoksaidi ya unga (ule unga mwekundu wa kutia rangi saruji); ukuta umetoka pinki kama chumba cha mtoto. Krimu nayo ikikaa na marumaru inaonekana ya njano na chafu. Nirekebisheje bila kubandua kila kitu, na ninunue lita ngapi? Korido nayo inachafuka vumbi mno, niipake nini?

*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Pinki haikutokana na uhaba wa redoksaidi. Nyekundu ndani ya nyeupe huzaa pinki, na fundi angeongeza pakiti nyingine mngepata pinki iliyokolea tu. Rangi nyeupe ya ndoo imejaa unga mweupe wa titani, ambao ndio unaofunika ukuta, na kila rangi unayoitia humo hupauka. Rangi ya tofali hutengenezwa kwenye besi (rangi ghafi inayosubiri kutiwa rangi) ya rangi zilizokolea, yenye titani kidogo sana au isiyo nayo kabisa. Ikiwa ndani ya kopo besi hiyo inaonekana kama maziwa yaliyotiwa maji, usishtuke. Mashine ya dukani huongeza humo oksaidi nyekundu ya chuma, oksaidi ya njano, na tone la nyeusi au kahawia. Njano ndiyo inayoua upinki. Nyeusi inapunguza ukali. Unga wa redoksaidi wa kutia kwenye saruji haukusagwa kwa ajili ya rangi ya maji, ndiyo maana huacha michirizi na vidoa vinavyotokeza baada ya kukauka. Nenda duka lenye mashine, na namba ya fomula ya rangi iandikwe juu ya kopo kwa kalamu isiyofutika. Siku ukitaka kopo la kuongezea, utahitaji hiyo namba, maana jina la rangi peke yake halitoshi.

Rangi za udongo zinazotokana na oksaidi za chuma zina faida kubwa kwa jua la Dodoma: hazipauki upesi kama nyekundu na njano nyingi kali, na hazigombani na chokaa iliyomo kwenye plasta. Kwa hiyo chaguo lako la rangi ni zuri. Kilichoharibika ni njia.

Sasa krimu. Hapa wengi hukosea kwa kuchagua ukuta kwanza na kuisahau sakafu, wakati marumaru ndiyo kitu ambacho hutakibadilisha mwaka huu wala kesho. Weka karatasi nyeupe ya A4 juu ya marumaru mchana, taa zikiwa zimezimwa, uangalie kijivu chako kinaelekea wapi. Kikielekea bluu, krimu yenye njano nyingi itaonekana chafu kila siku, kwa sababu bluu ya chini inaisukuma njano ya ukutani mbele zaidi. Usikimbilie kijivu kitupu ukutani kama suluhisho. Sebule itapoa kama ofisi, na rangi ya tofali itabaki imejitenga peke yake. Tafuta rangi tulivu iliyo katikati: kijivu chenye kahawia ndani yake, au ofwaiti iliyotiwa kahawia kidogo badala ya njano. Muombe muuzaji fomula yenye oksaidi zilezile za tofali, nyekundu, njano na tone la nyeusi, kwa kiasi kidogo sana, ndani ya besi nyeupe; nyekundu peke yake itarudisha pinki. Kuta tatu zikiwa na chembe ya rangi iliyoko ukuta wa nne, zitaonekana za nyumba moja. Kama karatasi itaonyesha kijivu kinachoelekea kahawia, krimu nyepesi inafaa bila shida.

Usiamini kadi ya rangi. Nunua kopo dogo la kila rangi, pakeni mikono miwili (yaani mara mbili) kwenye kipande cha hadibodi cha sentimita 60 kwa 60, kisha kihamishe ukuta hadi ukuta. Kiangalie saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 11 jioni na saa 2 usiku. Ile ya saa 11 ndiyo ya kuogopa kwako: jua la magharibi huingia likiwa limeinama, lina rangi ya chungwa, na tofali iliyokuwa nzuri mchana inaweza kugeuka nyekundu kali. Ikiwaka, shuka kwenye ile iliyoelekea kahawia zaidi. Usiku tatizo huwa taa. Balbu za mwanga mweupe wa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikiwa ndogo mwanga huelekea njano), zile zinazouzwa kila duka, huifanya rangi ya udongo ifubae na ionekane kijivujivu. Weka 3000K sebuleni, au 4000K kama mnasoma humo. Wapo waliopaka upya ukuta mzima wakati dawa ilikuwa kubadilisha balbu.

Ukuta mmoja wa tofali unatosha, na wa TV ni sahihi. Mninga tayari ni kahawia yenye wekundu. Mlango wa mninga ukizungukwa na rangi ya tofali humezwa, usiuone tena. Ukiwa kwenye ukuta mtulivu, unajitokeza. Rangi ya tofali irudie kwa kiasi kidogo upande wa pili, mito miwili au chungu cha maua, basi. Dari ibaki nyeupe isiyong'aa.

Kubandua si lazima. Chora msalaba kwa wembe kwenye rangi ya sasa, bandika teipu, ivute kwa nguvu. Rangi ikibaki ukutani, ni msingi mzuri. Pitisha kiganja pia: kikitoka na unga, rangi ilitiwa maji mengi, na hapo mtasugua kwa brashi ngumu na kuosha kabla ya praima (rangi ya kwanza ya kushikisha). Mahali plasta inatoa chumvi nyeupe (hutokea sana plasta ikichanganywa na maji ya kisima yenye chumvi), piga brashi kavu, tafuta unyevu unatoka wapi, usubiri pakauke. Ukiosha chumvi hiyo kwa maji mengi unairudisha ndani. Plasta mpya ipewe siku 28.

Baada ya hapo skimu (pasta laini ya kusawazisha ukuta) pale penye mashimo tu, msasa namba 120 kisha 220, na kitambaa chenye unyevu kufuta vumbi. Msiruke kufuta, maana vumbi la hapa ni laini, hukaa juu ya ukuta bila kuonekana na rangi hushika vumbi badala ya ukuta. Praima iwe ya kuhimili alkali (ukali wa chokaa na saruji ya plasta). Ya ukuta wa TV itiwe rangi ielekee tofali, itakuokoa mkono mmoja wa rangi ghali. Mkono wa kwanza maji yasizidi asilimia 10, wa pili fuata maelezo ya kopo. Hewa kavu na upepo wa kiangazi hukausha rangi kabla rola haijarudi, ndipo yanapotokea mabaka ya maungio. Anzeni asubuhi, fungeni dirisha la upande wa upepo, na ukuta mmoja uishe bila kupumzika katikati. Makopo ya rangi moja yamwagwe kwanza kwenye ndoo moja yakorogwe.

Kwa ukuta wa TV chukua isiyong'aa. Mwanga wa dirisha la magharibi unaupiga kwa ubavu, na silki (rangi yenye mng'ao kidogo) itaonyesha kila kibonge cha skimu. Kuta nyingine, silki laini inayofutika.

Hesabu: mzingo mita 18 mara 2.9 ni mita za mraba 52.2. Toa milango miwili na madirisha mawili ya kawaida, takribani 9, inabaki 43. Ukuta wa TV ni 11.6, kuta nyingine karibu 31.4. Kwa ukuta wenye skimu tumia mita za mraba 9 kwa lita. Rangi tulivu mikono miwili ni lita 7, nunua galoni mbili za lita 4. Ya tofali, mikono mitatu (rangi iliyokolea, yenye titani kidogo, haifuniki vizuri), ni lita 3.9: galoni moja, na hakuna ya kumwaga. Praima mkono mmoja ni kama lita 5. Kama nafasi za milango na madirisha yako si za kawaida, pima upya.

Korido: gawa ukuta kwa mlalo, mita 1 kutoka chini. Chini weka kahawia ya vumbi, ile inayofanana na udongo wa mtaani kwenu, kwa silki. Juu rangi tulivu ileile ya sebuleni. Vumbi likitua chini halionekani haraka, na kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha. Pigeni mstari kwa pima maji, si kwa macho, na teipu ya karatasi itolewe rangi ikiwa bado mbichi, la sivyo inang'oka na kingo zake.